Hewa Ndani ya Sanduku: Kwa Nini Kombo ya Besi Haiwi Ndogo

Katika bendi ya muziki wa dansi, gitaa la besi ndilo linaloushikilia wimbo. Magitaa mengine yakinyamaza kwa muda, watu huendelea kucheza. Besi ikinyamaza, miguu hupoteza njia. Hata hivyo, gitaa hilo peke yake halisikiki hata upande wa pili wa chumba. Mwili wake ni ubao mgumu usio na tumbo la hewa kama la gitaa la kawaida au buyu la zeze. Mtikisiko wa nyuzi zake za chuma hugeuzwa kuwa umeme na sumaku na koili zilizofungwa chini ya nyuzi. Umeme huo hukuzwa na amplifaya. Kisha spika huugeuza tena kuwa sauti. Amplifaya na spika zinapotiwa ndani ya sanduku moja linalobebeka, wanamuziki hukiita chombo hicho kombo.

Vyombo vya umeme vimekuwa vikipungua ukubwa mwaka hadi mwaka. Redio iliyokuwa samani ya sebuleni sasa hutiwa mfukoni. Kombo ya besi peke yake imebaki kuwa mzigo wa watu wawili, au walau wa mtu mmoja mwenye kifua kipana. Wengi hudhani kwamba sababu ni umeme mwingi unaohitajika. Dhana hiyo si sahihi. Kizuizi kikubwa hakimo katika umeme bali katika hewa, na asiyekifahamu huweza kutumia fedha nyingi kununua au kuunda sanduku ambalo haliwezi kufanya kazi iliyotarajiwa.

Sauti nene hutaka hewa nyingi

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Idadi ya mitikisiko katika sekunde moja huitwa marudio, na hupimwa kwa hezi, ambayo alama yake ni Hz. Uzi mnene kuliko yote katika gitaa la besi la kawaida, ule uitwao E, una marudio ya 41.2 Hz. Nyuzi tatu zinazofuata, yaani A, D na G, zina marudio ya 55, 73.4 na 98 Hz. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde katika joto la sentigredi 20, urefu wa wimbi la uzi wa E ni 343 ÷ 41.2, yaani mita 8.3. Wimbi moja tu lakaribia urefu wa darasa zima. Wimbi la sauti ya 1,000 Hz, kwa kulinganisha, lina urefu wa sentimita 34 tu.

Kazi ya kuitikisa hewa hufanywa na spika. Kanuni yake haijabadilika tangu Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani walipoieleza mwaka 1925. Koili nyepesi ya waya hubandikwa kwenye shingo ya koni ya karatasi na kuning'inizwa katika uga wa sumaku. Mkondo wa umeme unaogeuka-geuka ukipita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma pamoja na koni, nayo koni huisukuma hewa.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Ili sauti ibaki na nguvu ileile, koni lazima isogee umbali mkubwa zaidi kadiri marudio yanavyopungua, na uhusiano huo ni wa kipeo cha pili. Marudio yakipungua nusu, mwendo wa koni lazima uongezeke mara 4. Kama koni inasogea milimita 1 kwa sauti ya 164.8 Hz, itapaswa kusogea milimita 4 kwa sauti ya 82.4 Hz, na milimita 16 kwa sauti ya 41.2 Hz. Spika nyingi haziwezi kufika huko. Koili hutoka nje ya uga wa sumaku, sauti hukwaruza, na hatimaye koni huchanika.

Njia iliyobaki ni kuongeza eneo la koni ili hewa nyingi isukumwe kwa mwendo mfupi. Spika ya inchi 15 ina eneo lifanyalo kazi la sentimita za mraba 855 hivi, na ya inchi 10 ina sentimita za mraba 345 hivi. Spika 4 za inchi 10 basi zina jumla ya 1,380, ambayo ni mara 1.6 ya eneo la spika moja ya inchi 15. Hii ndiyo sababu kombo za besi huwa ama na spika moja pana, ama na spika kadhaa za wastani zilizopangwa pamoja.

Mbele na nyuma hupingana

Spika iliyo peke yake, bila sanduku, karibu haina besi kabisa. Koni inaposogea mbele huibana hewa iliyo mbele yake, na papo hapo huitanua hewa iliyo nyuma yake. Kwa sauti nene, ambazo mawimbi yake ni marefu kuliko spika yenyewe, hewa iliyobanwa hupata nafasi ya kuzunguka ukingo wa koni na kulijaza pengo la nyuma. Mbele na nyuma hufutana. Sauti nyembamba haziathiriki sana, kwani mawimbi yake ni mafupi na hayapati wasaa wa kuzunguka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya sanduku ni kutenganisha mbele na nyuma. Ubao mmoja bapa wenye tundu la spika ungeweza kuifanya kazi hiyo, lakini ili utosheleze uzi wa E ungepaswa kuwa na upana unaokaribia nusu ya urefu wa wimbi, yaani mita 4 hivi. Hakuna bendi iwezayo kusafiri na ubao wa namna hiyo.

Historia ya kombo za besi yaonyesha jinsi somo hili lilivyojifunzwa taratibu. Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa la besi la umeme liitwalo Precision Bass mwaka 1951, na mwaka 1952 akatoa kombo ya kulihudumia, iliyoitwa Bassman, yenye spika moja ya inchi 15. Kufikia mwaka 1955 Bassman ilikuwa imepewa spika 4 za inchi 10, katika sanduku lililo wazi mgongoni. Eneo la koni liliongezeka, lakini kwa mgongo ule wazi sehemu kubwa ya sauti nene ilifutika. Wapigaji wa gitaa la kawaida ndio walioipenda zaidi kombo hiyo, kwa kuwa magitaa yao hayakuhitaji marudio ya chini sana. Jim Marshall na mafundi wake wa London walipounda amplifaya yao ya kwanza mwaka 1962, walifuata kwa karibu mpango wa umeme wa Bassman, nao waliitengeneza kwa ajili ya gitaa.

Sanduku lililozibwa

Suluhisho lililo rahisi kueleza ni kuliziba sanduku pande zote. Sauti ya nyuma hufungiwa ndani, na ya mbele hubaki huru. Lakini hewa iliyofungiwa si kitu kisicho na nguvu. Hutenda kazi kama springi: koni ikiingia ndani, hewa hubanwa na kuirudisha nje, ikitoka, hewa hutanuka na kuivuta ndani. Sanduku likiwa dogo, springi hiyo huwa ngumu zaidi.

Kila spika ina marudio yake ya asili, yaani yale ambayo koni hupendelea kutikisika ikigutuliwa na kuachwa. Ugumu wa hewa huyapandisha marudio hayo. Kipimo kimoja cha spika, kiitwacho ujazo linganifu, hutaja ni lita ngapi za hewa zenye ugumu ulio sawa na ugumu wa mning'inio wa koni yenyewe. Tuseme spika ina marudio ya asili ya 40 Hz na ujazo linganifu wa lita 180. Ikitiwa katika sanduku la lita 60, uwiano ni 180 ÷ 60 = 3; ukiongeza 1 na kutafuta kipeo cha pili cha 4 kwa kurudi nyuma, yaani kipeuo chake, hupatikana 2. Marudio mapya ni 40 × 2, yaani 80 Hz. Chini ya hapo nguvu ya sauti hushuka kwa desibeli 12 kwa kila oktavu. Uzi wa E, ulio oktavu moja chini, umeachwa nje ya mlango.

Je, ikiwa fundi ataka marudio yasizidi 50 Hz? Hesabu ileile yaonyesha kwamba atahitaji sanduku la lita 320. Hilo si sanduku tena, ni kabati.

Sanduku lenye tundu

Mtu akipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu, chupa hutoa mvumo mnene. Hewa iliyo shingoni hufanya kazi kama uzito, na ile ya tumboni kama springi; viwili hivyo hutikisika pamoja kwa marudio maalumu. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani wa karne ya 19, aliuchunguza mvumo huo kwa makini. Katika mwaka 1932 Albert Thuras wa Maabara ya Bell, Marekani, alipewa hataza ya kuitumia kanuni hiyo katika sanduku la spika. Badala ya kuiziba sauti ya nyuma na kuipoteza, sanduku hupewa mrija. Karibu na marudio ya mvumo, hewa iliyo ndani ya mrija hugeuza mwelekeo wa sauti ya nyuma, nayo hutoka nje ikiwa inaisaidia ya mbele badala ya kuipinga.

Marudio ya mvumo hupatikana kwa kanuni hii: (v ÷ 2π) × √(A ÷ (V × L)), ambapo v ni kasi ya sauti, A ni eneo la mdomo wa mrija, V ni ujazo wa sanduku, na L ni urefu wa hewa inayosogea ndani ya mrija, vyote vikiwa katika vipimo vya mita. Sanduku la lita 80 (mita za ujazo 0.08) lenye mrija wa kipenyo cha sentimita 10 (eneo la mita za mraba 0.00785) na L ya mita 0.144 huvuma kwa 45 Hz. Yafaa ikumbukwe kwamba hewa kidogo iliyo nje ya midomo ya mrija nayo husogea, na imo katika L. Kwa hiyo mrija wenyewe hukatwa mfupi zaidi, kiasi cha sentimita 7 hivi.

Kombo iliyoufahamisha ulimwengu wa besi faida za njia hii ni Portaflex B-15 ya kampuni ya Ampeg, iliyotoka mwaka 1960. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Everett Hull, alikuwa mpigaji wa besi kubwa ya kusimama, ya jamii ileile inayotumiwa na vikundi vya taarabu vya Unguja. Jina la kampuni lilitokana na wazo lake la mwaka 1946 la kutia maikrofoni katika kigingi cha chini cha chombo hicho. Portaflex ilibuniwa na Jess Oliver. Ilikuwa na spika ya inchi 15 na nguvu ya wati 25, na amplifaya yake ya vali ilifungwa chini ya kifuniko cha sanduku. Wakati wa kupiga, kifuniko kiligeuzwa, amplifaya ikasimama juu katika hewa baridi. Wakati wa safari, kiligeuzwa tena na vali zikalindwa ndani. Ukanda wa mpira uliziba kifuniko ili hewa isivuje. James Jamerson, aliyepiga besi katika studio ya Motown mjini Detroit, alikuwa miongoni mwa waliotumia kombo hiyo.

Hata hivyo, tundu si zawadi isiyo na gharama. Chini ya marudio ya mvumo, sauti hushuka kwa desibeli 24 kwa oktavu, kasi iliyo mara mbili ya ile ya sanduku lililozibwa. Zaidi ya hayo, katika eneo hilo hewa haiikingi tena koni. Huingia na kutoka kupitia mrija bila upinzani. Mpigaji akiongeza nguvu ya besi kwa kitufe cha amplifaya, koni hurushwa huku na huko bila kuongeza sauti, na spika huweza kuharibika ilhali amplifaya haijafikia hata nusu ya uwezo wake.

Kwa miaka mingi masanduku yenye tundu yaliundwa kwa kubahatisha. Neville Thiele wa Australia aliandika mwaka 1961 namna ya kukokotoa sanduku kutokana na vipimo vya spika yenyewe, na Richard Small, aliyefanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Sydney, aliikamilisha kazi hiyo kwa makala za miaka ya 1972 na 1973. Vipimo vya spika vinavyochapishwa na viwanda leo huitwa kwa majina yao.

Mambo matatu yasiyopatikana pamoja

Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH ya Marekani, alilifupisha tatizo hili katika kanuni ambayo mafundi huiita Sheria ya Chuma. Kila mnunuzi hutaka mambo matatu: sanduku dogo, sauti inayoshuka chini sana, na ufanisi, yaani sauti kubwa kwa umeme kidogo. Anaweza kuchagua mawili. La tatu litamponyoka.

Sheria hiyo ina hesabu. Kwa ufanisi uleule, ujazo wa sanduku hutegemea marudio ya chini kwa kipeo cha tatu. Kutoka 82.4 Hz hadi 41.2 Hz ni nusu, kwa hiyo sanduku lazima liwe kubwa mara 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Anayekataa kuongeza sanduku atapunguza ufanisi kwa kiasi hichohicho, na atahitaji wati mara 8 ili asikike vilevile. Ufanisi wa spika za koni ni mdogo tangu mwanzo, mara nyingi kati ya asilimia 1 na 5. Kwa ufanisi wa asilimia 2, wati 100 za umeme hutoa wati 2 za sauti. Wati 98 hugeuka kuwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hukaa katika koili nyembamba ya waya. Hiyo ndiyo maana spika iliyo katika sanduku dogo na kusukumwa kwa amplifaya kubwa huungua.

Maendeleo ya miaka ya karibuni hayakuifuta sheria hii. Transista zilichukua nafasi ya vali katika kombo nyingi. Sumaku za neodimi, zilizotokea katika miaka ya 1980, hutoa nguvu kubwa kwa uzito mdogo. Amplifaya za kisasa zinazowasha na kuzima mkondo mara laki kadhaa kwa sekunde hazihitaji transfoma nzito wala vipooza joto vikubwa. Uzito wa kombo umepungua sana. Ujazo wa hewa haukupungua kwa kadiri hiyo.

Kinachoziokoa kombo ndogo ni sikio la binadamu. Uzi wa E hautoi 41.2 Hz pekee; hutoa pia sauti tanzu za 82.4, 123.6, 164.8 Hz na kuendelea, na mara nyingi tanzu hizo zina nguvu kuliko sauti ya msingi. Ubongo ukizisikia tanzu hizo, hutambua nafasi iliyo sawa baina yake na kuijaza sauti ya msingi hata kama haipo. Kwa sababu hiyo kombo inayoanza kupungua nguvu kwenye 60 au 70 Hz bado husikika kuwa inapiga E. Msikilizaji huijua noti, ingawa kifua chake hakiuhisi mtikisiko.

Ushauri kwa waundaji na wanunuzi

Fundi seremala stadi anaweza kuunda sanduku zuri la besi, iwapo ataanza na vipimo vya spika na siyo na sura ya sanduku aliloliona. Sanduku moja halifai kila spika, hata kama tundu zake zinalingana. Plaiwudi ya milimita 18 hufaa, kwa kuwa ni ngumu na hushika skrubu vizuri. Kuta pana zifungwe mihimili ya ndani, maana ukuta unaotikisika hutumia nishati iliyokusudiwa kuwa sauti. Viungo vyote vitiwe gundi, na ukingo wa spika uwekewe mpira. Mvujo mdogo tu hubadili hesabu na kuleta mlio wa filimbi. Katika kombo, amplifaya iwe katika chumba chake kilichotengwa na hewa ya spika, chenye matundu ya kupoza.

Ukinzani nao usisahauliwe. Spika 2 za omu 8 zikiunganishwa sambamba hutoa omu 4. Amplifaya iliyoandikwa kwamba haikubali chini ya omu 4 ikiongezewa spika nyingine sambamba, mkondo huzidi na transista huungua. Aidha, kombo iwekwe sakafuni karibu na ukuta pale sauti nene inapopungua, kwani sakafu na ukuta huizuia sauti isitawanyike pande zote na huirudisha kwa wasikilizaji.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza lahitaji chupa na maji. Mwanafunzi apulize juu ya mdomo wa chupa tupu, kisha aongeze maji kidogo kidogo na kupuliza tena. Hewa ikipungua, mvumo hupanda. Wanafunzi waeleze matokeo hayo kwa kutumia kanuni ya mrija iliyotolewa hapo juu.

Jaribio la pili lahitaji spika iliyotolewa katika redio kuukuu ya betri, ikiwa bado imeungwa kwa waya. Redio ipigwe muziki, na wanafunzi wasikilize spika ikiwa mkononi. Kisha spika ishikizwe kwenye tundu lililokatwa katikati ya karatasi ngumu pana ya boksi. Sauti itanenepa papo hapo, ingawa hakuna umeme ulioongezwa. Mwishowe ishikizwe kwenye ubavu wa boksi lililofungwa, kubwa na dogo kwa zamu, na tofauti iandikwe.

Majaribio haya mawili hayahitaji maabara, nayo yana sehemu kubwa ya elimu aliyonayo mbunifu wa kombo ya besi. Shule au bendi inayotaka kununua chombo hicho itafanya vyema kuuliza kwanza lita za sanduku na marudio yake ya chini kabisa, ndipo iulize wati.